Aliyewavua Akina Mama Lawama: Maisha ya Dkt. Pelagia Ntaturo (1961–2025)

Marehemu Dkt. Pelagia Ntaturo alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika kijiji cha Heru Juu, Kasulu. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya sita wa Mzee Bonifasi Ntaturo, mkulima wa kahawa na katekista, na Bi. Sabina Nyamwiza. Familia imenipa mimi, Winnie, binti yake, heshima ya kuwasomea maisha yake mbele ya jeneza lake. Nikisita mahali, mnivumilie. Yeye mwenyewe hakupenda mtu anayesita akisoma.

Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowakusanya watu katika vijiji vya pamoja, familia ilihamishiwa upande mwingine wa Heru Juu ikaacha mihogo na maharage shambani yakiwa bado machanga. Mvua nayo ilikataa. Bi. Sabina alikuwa mjamzito, na mara nyingi alilala na maji tumboni ili watoto wagawane kilichopatikana. Mwezi Novemba alijifungua mtoto wa mwisho, Tito.

Tito alitembea kwa wakati wake, lakini hakuita mama wala baba. Ukimwita hakugeuka. Chakula chake kilikuwa viazi vitamu vya kuchoma, basi. Ukimpa kingine alifunga mdomo hata kama alilia kwa njaa. Majirani walisema njaa ya mama ndiyo iliyomla akili akiwa tumboni, na baadhi ya ndugu wakaitikia. Bi. Sabina hakubishana na mtu. Aliacha tu kwenda kwenye sherehe za watu, kwa sababu kila alipofika, mazungumzo yalikatika.

Pelagia aliyaona hayo akiwa msichana mdogo. Alisoma Shule ya Msingi Heru Juu, na alipokuwa darasa la saba alimwuliza mwalimu wake wa sayansi kama ni kweli njaa ya mama inaweza kula akili ya mtoto. Mwalimu yule alikuwa mtu mkweli. Akamjibu, "Sijui, Pelagia. Nenda ukasome, halafu urudi unifundishe." Alikwenda. Alisoma sekondari Tabora, akapitia Jeshi la Kujenga Taifa, na mwaka 1985 akaingia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kusomea sayansi ya chakula na lishe. Alihitimu mwaka 1988. Kila likizo alirudi nyumbani kwa treni hadi Kigoma, kisha kwa lori lolote lililopanda Kasulu, akiwa amembebea Tito mpira au kitambaa laini, maana Tito alipenda kushika vitu laini.

Mwaka 1989 aliajiriwa kuwa afisa lishe wilayani Kibondo. Huko ndiko alikokutana na Mwalimu Nsabimana Ruhiye, aliyekuwa akifundisha hisabati. Baba amenipa ruhusa kusimulia jinsi walivyochumbiana. Alipomwambia kwamba anataka kumwoa, marehemu alimjibu, "Ukinichukua mimi, unamchukua na Tito. Mama yangu amechoka."

Baba akauliza, "Anakula nini?"

"Viazi vya kuchoma. Asubuhi na jioni."

"Basi nitalima viazi."

Walifunga ndoa takatifu tarehe 22 Desemba 1990, Kasulu. Bi. Sabina alikuja, lakini alikaa jikoni siku nzima na hakutoka hata wakati wa keki. Bibi harusi naye alionekana akipita kwenye mikeka ya watoto na gauni lake jeupe, akiwaambia wapishi, "Mtoto mpeni maharage yenyewe, si mchuzi wake!" Picha hiyo ipo, na wapishi ndani yake hawacheki. Mungu aliwajalia watoto wawili, mimi na kaka yangu Lazaro. Baba alilima viazi kama alivyoahidi. Amevilima kwa miaka yote ya ndoa yao.

Katika kazi, marehemu aliwahudumia watoto wa Kibondo, na kuanzia mwaka 1997 alihamia Kasulu, akifanya kazi vijijini na katika kambi za wakimbizi, Mtabila na baadaye Nyarugusu. Wengi hapa mnamkumbuka na mizani yake ya kuning'iniza watoto, na salamu yake ya Kiha, "Mwakeye!" ambayo aliisema hata kwa maofisa waliotoka Dodoma. Lakini swali la darasa la saba halikumwacha. Mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, alianza masomo ya uzamivu. Alichagua kuchunguza lishe na maendeleo ya awali ya watoto wenye usonji, yaani watoto kama Tito, ambao wengi wao walikuwa wamefichwa vyumbani.

Wa kwanza kumfungulia mlango alikuwa Mama Antoinette, mkimbizi kutoka Kongo, wa Nyarugusu, ambaye yupo nasi leo. Binti yake Gentille alikuwa na miaka minne, haongei, na hali chochote isipokuwa ugali mweupe uliopoa. Antoinette, aliyekimbia vita kupitia porini akiwa na mimba yake, alimwambia, "Mama dokta, batu banasema njala yangu ya mu pori ndiyo ilikulaka akili ya mutoto."

"Nani anasema?"

"Bote."

Muda mfupi baadaye akaja Bwana Mansuri, mfanyabiashara wa hapa Kasulu mjini, na binti yake Safina aliyekuwa na umri ule ule. Yeye alisema, "Daktari, duka langu limejaa mchele na mafuta. Mke wangu alipokuwa na mimba hakukosa maziwa wala samaki. Mbona mwanangu haongei?"

Marehemu aliwakalisha wazazi hao wawili kwenye benchi moja, akawaomba kila mmoja amsimulie mwenzake. Mama Antoinette alipomaliza kumsikiliza Bwana Mansuri, alishika kichwa akasema, "Kumbe hata matajiri!" Marehemu alisema baadaye kwamba utafiti wake ulianzia kwenye benchi lile.

Kwa miaka mitatu alizunguka na wasaidizi wake nyumba kwa nyumba, Kasulu na Kibondo. Shirika moja la wafadhili lilitoa unga wa uji wenye virutubisho, kwa matumaini kwamba watoto wakishiba vizuri wataanza kuzungumza. Marehemu naye alitamani iwe hivyo; alikuwa na Tito nyumbani. Watoto waliongezeka uzito, damu ikapanda, wakalala vizuri, wakaanza kucheza. Baadhi yao, waliochezeshwa na kuzungumzishwa na mama zao kila siku, walipata maneno machache. Lakini usonji haukuondoka. Alichogundua ni kwamba wengi hawakuwa na usonji kwa sababu ya njaa; walikuwa na njaa kwa sababu ya usonji, maana ulimi wao ulikataa vyakula, na mama zao walikwisha kukata tamaa.

Gentille alikuwa mmoja wao. Marehemu hakuruhusu mtu amlazimishe. Aliweka punje moja ya haragwe kando ya sahani, si ndani yake, kila siku. Gentille aliisukuma kwa wiki nyingi. Siku moja akainusa. Siku nyingine akailamba na kuitema. Alipoimeza hatimaye, Mama Antoinette alipiga vigelegele mpaka mlinzi wa kambi akaja kuuliza nani anaolewa.

Machi 2016 aliitwa Kibondo kuwasilisha matokeo. Mwakilishi wa wafadhili alimwomba aandike kwamba uji umeleta nafuu ya usonji. Waliokuwepo wanatuambia marehemu alisimama akasema hivi: "Uji umewapa watoto hawa damu na nguvu, na nitaupigania. Haukuondoa usonji, na sitaandika kwamba umeondoa. Nikiandika hivyo, kila mama ambaye mtoto wake hatazungumza ataambiwa hakumlisha."

Yule mwakilishi akasema, "Daktari, bila hilo tutawaambia nini walio juu yetu?"

"Waambieni watoto wameshiba na wanacheza. Kwani hiyo ni habari ndogo?"

Mradi haukuongezewa muda. Alirudi na gari la mazao, akapitiliza nyumbani kwake, akaenda moja kwa moja Heru Juu kwa mama yake. Mimi nilikuwepo. Alikaa chini kwenye mkeka akasema, "Mama, nimetafuta. Nyumba zenye njaa zina watoto kama Tito, na nyumba zenye shibe pia zinao. Sayansi haijamaliza kazi yake, sitakudanganya. Lakini sikuona popote kwamba wewe ndiye uliyemharibu."

Bibi akamwita kwa Kiha, mwanangu, akasema, "Mwana wanje, umesoma miaka yote hii kwa ajili ya hilo?"

"Kwa ajili ya hilo, mama."

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harusi kwa jirani. Bi. Sabina alivaa kitenge kipya, akaenda, akakaa mbele, akacheza mpaka wenye harusi wakamtunza. Alifariki mwaka 2019 akiwa amehudhuria harusi nyingi.

Marehemu alitunukiwa shahada ya uzamivu mwaka 2017. Mwaka uliofuata Bwana Mansuri alitoa uwanja nyuma ya duka lake, na hapo akafungua Kituo cha Mwana, mahali ambapo watoto wenye usonji na wasio nao wanakula, wanacheza na kujifunza pamoja. Alipostaafu utumishi wa umma mwaka 2021 alihamia huko moja kwa moja. Wanafunzi wa vyuo walikuja kujifunza kwake, na kituo cha pili kilifunguliwa Kibondo mwaka 2023. Gentille sasa ni binti mkubwa. Haongei kwa mdomo, lakini anaeleza atakacho kwa picha, na ndiye anayepika uji pale Kituo cha Mwana.

Oktoba 2024 marehemu alianza kusumbuliwa na tumbo. Alipimwa hospitali ya Kabanga, kisha ya Bugando, Mwanza, na kugundulika kuwa na saratani ya kongosho. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wote. Aliposhindwa kula alicheka na kutuambia, "Nimewasumbua watu na chakula maisha yangu yote. Sasa ni zamu yenu kunisumbua." Alitulia katika Bwana siku ya Jumatano, tarehe 6 Agosti 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Kasulu, mkono wake ukiwa mkononi mwa baba.

Marehemu ameacha mume, Mwalimu Nsabimana Ruhiye, watoto wawili, Winnie na Lazaro, wajukuu watano, wadogo zake wanne, pamoja na Tito, aliyeketi pale mbele na ambaye tangu Jumatano amekataa kuvua koti la dada yake, na watoto wote wa Kituo cha Mwana, Kasulu na Kibondo.

Siku chache kabla ya kututoka aliniita akaniagiza jambo moja tu kuhusu matanga. Alisema, "Watoto wale hawaelewi mlango uliofungwa. Msiwafungie kwa ajili yangu." Kwa hiyo ndugu na marafiki, tunawashukuru kwa kulia nasi, na tunawatangazia kwamba keshokutwa, Jumatatu, kituo kitafunguliwa saa mbili asubuhi kama kawaida, na uji utakuwa tayari.

Lala, mama. Mungu aliyekupa akili na huruma akupokee, na amani yake iwe makazi yako.