Kipaza na Miisho Yake ya Kubuni

Ndugu waombolezaji, historia hii marehemu aliiandika mwenyewe kwenye daftari, na jana mjane aliipitia kwa kalamu nyekundu, akasema usomwe ukweli mtupu, kwani amechoshwa na uongo wa miaka thelathini na tisa ya ndoa, kwa hiyo mtuvumilie.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Kipaza, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, akiwa mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, na chuo cha sinema alichokiandika hapa mjane amekifuta, maana hakukiona hata geti.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika ukumbi wa sinema kuchana tiketi mlangoni, na mwaka 1983 akakabidhiwa kipaza sauti awatafsirie watazamaji filamu za nchi za mbali, tena kutoka lugha ambazo hakujua hata salamu zake, lakini jamani, wezi wake wa benki walichekesha mpaka watu wakadondoka kwenye viti. Tarehe 2 Februari 1985 alifunga ndoa na muuza tiketi wa ukumbi huohuo, ambaye ndiye mjane wetu.

Walijaliwa binti na wavulana wawili. Binti, kifunguamimba, alizaliwa tarehe 11 Mei 1986, akaugua homa, akafariki tarehe 20 Agosti 1992 akiwa na miaka sita, na kuanzia hapo Kipaza akawa hashikiki, kila filamu yenye mtoto mgonjwa anaigeuza mwisho, jeneza linaonekana waziwazi kwenye skrini, yeye anasema hilo ni la jirani, mtoto yuko shuleni, watu wakitoka wanamvamia mama wa watu dirishani, wanamuuliza mumeo ana akili kweli, naye miaka yote hiyo akawajibu kwamba hata yeye anajiuliza.

Mwezi Mei 2022 aligundulika kuwa na saratani ya koo, sauti ikakatika, ndipo akaanza daftari hili, na hata humo hakukoma, kuna ukurasa mzima anadai amepona na amerudi kazini, wakati mkewe anamnywesha maziwa kwa kijiko. Ukurasa huo umefutwa wote. Alifariki tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuazima viti, na wafanyakazi wenzake wa ukumbini, ambao kwa kweli walivumilia mengi.

Umebaki mstari mmoja, wa watoto, ambao mjane aliuwekea kalamu mara tatu, mara tatu akaiondoa, kisha akatuambia kwa hasira, machozi yakimtoka, someni hivyohivyo alivyoandika huyo mtu. Marehemu ameandika kwamba ameacha mjane na watoto watatu, wa kwanza ni binti, yuko shuleni.

Pumzika kwa amani, Kipaza, mkeo amekuachia huo mmoja tu.