Mzee wa Mlimani Aliyenikalisha Chini

Wapendwa, asanteni kwa nafasi hii. Mwenyekiti amenipa dakika tano, na naona wanaonifahamu wameanza kucheka, kwa sababu wanajua nikianza habari za Kigoma tutalala hapa. Leo nitajitahidi.

Mimi ni mtu wa safari. Nimefanya kazi katika miji minne ya Australia hii, na kila nilikofika nilianza kukumbuka nilikotoka. Sasa mtu wa namna hiyo umfungie Penrith, huko pembeni mwa Sydney, peke yake, wakati wa korona. Ghala la Smithfield nililofanyia kazi likatupunguza kazini. Mwanzoni nilikuwa napika na kupiga simu. Baadaye nikaacha kupokea hata za walionipigia. Serikali ilipotufungulia, mimi nilibaki ndani. Ndugu zangu, nawaambia, mtu akigonga nilizima redio adhani sipo.

Dada mmoja wa hapa, muuguzi wa hospitali ya Westmead, aligonga mpaka nikaona aibu. Alisema kikundi chao kinakwenda kujitolea Guatemala, kwenye vijiji vya Wamaya huko milimani, na wanatafuta mbebaji wa masanduku ya dawa.

"Kaka, uuguzi huujui, lakini mgongo unao," akaniambia.

Nikaenda. Asubuhi ya kwanza kijijini nilitangulia na mhudumu wa afya wa kijiji, mama Mmaya mwenye Kiingereza kidogo, tukiandika wagonjwa nyumba kwa nyumba. Nyumba ya tatu tukamkuta mzee wa kisukari, kidole cha mguu kimeanza kuoza. Asipofika hospitali wiki ile, mguu wote ungekwenda. Mimi nikasimama mwisho wa uwanja, karatasi mkononi, nikaanza: jina, umri, umeumwa tangu lini. Mzee akageuza uso, akasema haendi popote.

Tulipotoka, yule mama alinitazama kwa huruma. "Umesimama kama askari. Hapa mtu hukaa, hunywa, ndipo huuliza. Kwenu hamna wageni?"

Swali lile lilinichoma. Mimi wa Kigoma, ambako ukipita nyumba ya mtu bila kusalimia utasemwa mwezi mzima! Korona ilikuwa imenizoesha kusimama mbali, hata mahali ambapo hakuna aliyeniamuru.

Kesho yake nilirudi na yule mama, bila karatasi. Nikasalimu, nikangoja kukaribishwa. Tukakaa uwanjani, nikapewa uji mwepesi wa mahindi, nikanywa. Mahindi yalikuwa yameanikwa pale, basi nikachukua moja nikaanza kupukuchua. Mzee akanitazama weee, kisha akanionyesha namna yao, kusugua hindi kwa gunzi. Nami nikamwonyesha ya kwetu, ya kidole gumba. Mkewe akacheka, na mama akanitafsiria: kwa mwendo wangu, watakula mwakani.

Tulipukuchua kwa muda wa karibu saa mbili. Mguu hakuutaja mtu. Kisha mzee, bila kuulizwa, akaunyoosha mbele yangu.

Tukamwita dada muuguzi, akasafisha kidonda. Asubuhi iliyofuata tulimshusha mlima kwa machela hadi hospitali, nami nimeshika upande mmoja. Alikatwa kidole, mguu ukabaki. Siku hiyo niliwapigia simu wote niliowakwepa. Wengine walidhani nimeshahama nchi.

Namshukuru dada yetu aliyegonga, mama aliyenikemea, na yule mzee, ambaye hajui kwamba tulikuwa wagonjwa wawili uwanjani pale.

Nimejifunza hili: hapa Sydney tunapigiana simu wiki mbili kabla ya kutembeleana, na mtu anayeumia hujibu kwamba ana shughuli. Msimtumie ujumbe. Nendeni mkakae naye, mmenye hata viazi, maswali yangoje.

Yupo mwenzetu mmoja hajaonekana hapa tangu tulipofunguliwa. Jina silitaji. Tukitoka hapa nakwenda kwake, na gari lina nafasi tatu. Nani tunakwenda naye?