Bi Hadubini, Aliyeagiza Ugonjwa Wake Utamkwe

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimzoea kwa jina la Bi Hadubini, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, na marehemu mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alijua kubisha kabla ya kujua kutembea.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani, kisha sekondari ya wasichana, akahitimu shahada ya biolojia mwaka 1985, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika maabara ya hospitali ya rufaa, alikobaki hadi kustaafu. Mwaka 1988 alifunga ndoa na fundi umeme wa hospitali hiyohiyo, aliyeitwa kutengeneza jokofu la maabara na, kwa kukiri kwake mwenyewe, akahakikisha haliponi upesi, wakajaliwa mabinti wawili.

Watafiti wenzake waliikodolea macho seli ya saratani ya titi peke yake, yeye akashikilia kwamba nyama inayouzunguka uvimbe nayo ina neno, kwa kuwa seli zake hutoa vichocheo vya ukuaji, vinavyoweza kuilisha saratani na kuifungulia njia. Mkuu wake akamwambia, "Hayo ni mabaki, mama, yanatupwa," naye akaanza kusimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji na kisanduku cha barafu, akiyapokea kwa ridhaa ya wagonjwa. Miaka ilipita seli zikimfia mikononi, hadi alipoonyesha kwamba saratani iliyokua kwa kusuasua ikiwa peke yake kwenye kisahani cha maabara ilichachamaa ikiwekwa pamoja na seli za pembezoni, na kichocheo kimoja kilipozuiwa, ikapungua kasi. Waliompigia makofi aliwakatiza, "Hiki ni kisahani, si mwanamke. Dawa bado."

Septemba 2018 aligusa uvimbe kwenye titi lake mwenyewe, akamwagiza daktari aukate pamoja na nyama ya pembezoni, vyote vipelekwe maabara. Mwanafunzi wake alipolia na kukataa kuvigusa, alimwambia, "Mwanangu, mimi si hicho kipande, mimi ni huyu niliyekaa hapa na njaa. Fanya kazi." Akaifanya.

Mwaka jana ugonjwa ulirudi, safari hii mifupani. Shemeji yetu, akiwaonea haya wazee, alipendekeza historia hii iseme tu kwamba aliugua kwa muda mrefu, mgonjwa akajiinua kitandani akasema, "Titi ni neno la Kiswahili. Litamkeni, alisikie anayejificha na uvimbe wake."

Basi dada yetu amefariki kwa saratani ya titi, Jumanne asubuhi, tarehe 14 Mei 2024, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliofua mashuka yake bila kuombwa, na wenzake wa maabara, ambao Jumatatu wanarudi kwenye visahani. Muuguzi wake amekaa pale mlangoni, na mama au dada yeyote mwenye wasiwasi ampitie kabla ya kuondoka.

Dada, tumelitamka. Sasa pumzika.