Fundi Aliyeubakiza Mnara wa Kanisa

Waombolezaji wenzangu, familia imenichagua mimi kuwasomea maisha ya babu yetu, fundi mwashi wa kanisa hili, kwa kuwa sauti yangu ni kubwa na aibu sina.

Babu alizaliwa tarehe 3 Machi 1941, mtoto wa tatu wa seremala aliyeichonga mimbari hii ninayoiegemea, akasoma hadi darasa la nne, akaacha, tabia niliyoirithi kwa uaminifu mkubwa.

Mwaka 1959 aliajiriwa kuziba paa la kanisa hili la Presbiteri, lililojengwa kwa mawe na chokaa mwaka 1912, na tangu siku hiyo hakuna jiwe humu ndani ambalo hakuligonga na kulisikiliza. Tarehe 12 Desemba 1964 alimwoa bibi, mwimbaji wa kwaya, aliyemsubiri mlangoni dakika ishirini kwa sababu bwana harusi alikuwa juu ya ngazi na suti yake akikagua mfereji wa mvua. Walijaliwa watoto watano na wajukuu kumi na wanne, aliye bora kati yao ndiye anayewasomea.

Mwaka 1998 mhandisi mmoja aliuona ufa mrefu kwenye mnara wa kengele, akawaambia wazee wa kanisa kwamba hautamaliza miaka miwili, nao wakakubaliana ubomolewe. Babu aliwaomba mwaka mmoja tu, akabandika vipande sita vya kioo chembamba juu ya ufa ule, kila ncha ikashikwa kwa saruji, maana ukuta ukisogea hata kidogo kioo hupasuka, kisha akawaambia, “Kipasuke kimoja tu, nyundo ya kwanza nitaipiga mimi.”

Mpo mliomcheka, na baadhi yenu nawaona mmekaa viti vya mbele. Mwaka uliisha, vioo vyote sita vikiwa vizima, ndipo babu akampandisha mhandisi kwenye jukwaa la ujenzi, akamwonyesha kwamba safu tisa za chini za mawe zimeinama, lakini ya kumi imechongwa upande mmoja ili ikae sawa, maana yake mnara ulititia waashi wa kwanza wakiwa bado kazini, wakaurekebisha, wakaendelea kujenga, na tangu hapo haujasogea. Mhandisi alivua kofia yake ngumu, akamvika babu. Leo ni mwaka wa ishirini na sita, kengele mliyoisikia asubuhi imelia kutoka mnara huohuo.

Januari 2023 mapafu yalianza kumsumbua, akalazwa mara tatu, kila mara akiwasahihisha mafundi waliokuwa wakipaka rangi wodi ya hospitali, hadi alipotutoka Jumapili, tarehe 18 Agosti 2024, saa tatu asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliokesha nasi, waashi wenzake, wazee wa kanisa walioungama kwamba walikosea, na mhandisi, ambaye leo amebeba jeneza upande wa kulia.

Babu, umeshinda. Shuka jukwaani sasa, ukapumzike kwa amani.