Afisa Wageni wa Boti ya Kakao

Tarehe 30 Juni 1978, Ndugu Anyitike Mwalusako atarudisha ufunguo wa stoo ya vyombo na kustaafu kazi katika Mamlaka yetu ya Mazao ya Milimani, baada ya utumishi wa miaka ishirini na sita. Katika miaka hiyo tumehesabu na ile ya kampuni ya wakoloni tuliyoirithi pamoja na taipureta zake. Kamati ya Sherehe imenipa mimi, Kashindye wa Usafirishaji, kazi ya kuandika wasifu wake kwenye jarida hili. Sababu ni kwamba nilikuwapo siku ya mlipuko, na vijana walioajiriwa juzijuzi wanadhani mlipuko ule ni uzushi wa kantini. Si uzushi. Nililowa mimi mwenyewe.

Ndugu Anyitike alizaliwa Ikolongo, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ng'ambo ya mto usiokuwa na daraja. Alianza kazi Iringa kama karani wa kupima pareto. Baridi ya Iringa ilimtesa sana, akawa anavaa makoti mawili na kulalamika kwa sauti ya mtu aliyevaa matatu. Mama mwenye nyumba alimwonea huruma, akamletea chupa ya ulanzi kutoka Kilolo.

Kwa wasomaji wa kutoka mbali, ulanzi ni maji ya mwanzi, matamu asubuhi na makali jioni, na hayahitaji mtu kuyachachusha kwa kuwa yanajichachusha yenyewe. Kila Mhehe anajua kwamba chombo cha ulanzi hakifungwi, kinazibwa kwa majani tu kipumue. Kijana wetu hakuwa Mhehe. Aliiona chupa iko wazi, akawaogopa nzi, akaikaza kizibo kwa nguvu zake zote na kuisukuma chini ya kitanda. Jioni akaja mwinjilisti kumwombea apate kuizoea baridi. Walipofika katikati ya sala, chupa ikapasuka. Mwinjilisti alitoka mbio, akaacha kiatu kimoja, na hakurudi kukichukua wala kumalizia sala. Tafadhali, msomaji, kishikilie kiatu hicho kidogo, tutakihitaji huko mbele.

Aliletwa Mbeya, akapanda vyeo kwa uaminifu na kwa kujua kupika chai ya wakubwa, na mwaka 1969 akateuliwa Afisa Wageni. Mwaka huohuo Mamlaka ilinunua boti. Hapa lazima niseme ukweli, kwa sababu boti ile ilinunuliwa kwa nia njema kabisa. Vijiji vya ufukweni kuanzia Itungi kwenda mashariki vinalima kakao, na havina barabara. Ikaonekana boti ya injini ikazoe magunia kijiji kwa kijiji. Ikapakwa rangi ya bluu, ikaandikwa ubavuni "Mkombozi wa Mkulima".

Safari ya kwanza ilikuwa ya majaribio, na mkubwa mmoja akataka kujaribu naye. Akapenda. Akamwambia mwenzake wa Dodoma, naye akaja kujaribu. Baada ya hapo majaribio hayakuisha. Mahali pa magunia pakawekwa viti vyenye mito, juu pakafungwa turubai la kivuli, na katika bajeti pakaongezwa kifungu kinachoitwa "Ukaguzi wa Mazao Kutokea Majini". Kwa miaka sita boti ile ilibeba wajumbe, wakaguzi, washauri, wake za washauri na mbwa mmoja wa mtaalamu wa udongo. Gunia la kakao halikuwahi kupanda.

Tusimlaumu Ndugu Anyitike kwa hilo. Yeye alipewa wageni, akawatunza, na kwa kutunza wageni hana mpinzani kuanzia Iringa hadi Kyela. Wageni walishuka kwenye Land Rover pale Itungi wakiwa wamechakazwa na kona za Tukuyu, wakakuta wali wa Kyela unafuka, samaki wakubwa wa ziwani waitwao mbasa waliochomwa kwa makaa, ndizi na nyama, na katikati ya boti chungu cha kimpumu. Pombe hii ya ulezi hunywewa ya moto, kwa mirija mirefu, wote katika chungu kimoja, huku mwenyeji akiongeza maji ya moto kwa birika.

Chungu kimoja kilileta taabu ya vyeo. Haipendezi Meneja kuinama na kugongana vichwa na karani. Ndugu Anyitike akaitatua kwa akili ya pekee kwa kukata mirija kulingana na madaraka. Meneja alipata mrija mrefu kiasi cha kunywa akiwa ameegemea mto wake, wakuu wa idara wakainama kidogo, na sisi wa Usafirishaji tukanywa tukiwa tumepiga magoti. Niliwahi kumwona mkuu wa idara mmoja akipandishwa cheo, na jambo la kwanza aliloulizia lilikuwa mrija wake mpya.

Basi boti ilikwenda taratibu kandokando ya ufuko, Milima ya Livingstone ikiwa mbele yetu, na wageni wakakagua. Wakiona watu ufukoni wanapunga mikono, nao wanapunga. Hakuna aliyeshuka. Kushuka kungeharibu viatu, na pia samaki angepoa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mbasa wale, ndizi zile na ulezi ule vilitoka Ikolongo. Mnunuzi alikuwa Ndugu Anyitike, na aliyemkusanyia alikuwa dada yake, Sekela. Watu wa Ikolongo walitoa vilivyo bora kuliko vyote, maana walikuwa na ombi moja: daraja. Kakao yao ilivuka mto kichwani mwa wanawake, na masika ikakaa ndani ikaota ukungu. Wagonjwa nao walisubiri maji yapungue. Mwaka 1968 mtoto wa kwanza wa Sekela alisubiri siku mbili ukingoni, mgongoni mwa mama yake, na maji hayakupungua. Hili siliandiki kwa mzaha, na mtu asilisome kwa mzaha.

Kila mwaka Ikolongo waliomba daraja katika fungu letu la barabara za mazao. Kila mwaka Makao Makuu yalijibu kwa heshima kwamba, kwa mujibu wa taarifa za wakaguzi waliofika wenyewe, wananchi wa ufukweni wana usafiri wa boti ulio mzuri sana, wana afya, na wana chakula cha kutosha na kusaza. Wakaguzi hawakusema uongo. Waliandika walichokiona wakiwa wamekaa kwenye boti, wanakula.

Mwaka 1974 jibu lilipokuja lilelile, Sekela alimfuata kaka yake hadi Itungi, akasimama mbele yake na kikapu cha mbasa kichwani. Nilikuwa jirani nafunga turubai. "Kaka," alisema, "mnakula samaki wetu, halafu mnaandika kwamba sisi ndio tulioshiba. Ungekuwa mpishi mbaya, daraja tungekuwa nalo zamani." Akatua kikapu, akaondoka bila kungoja malipo. Ndugu Anyitike aliwachoma mbasa wale vizuri kama kawaida, ila siku ile hakula, na kila aliyemsemesha alimjibu vibaya.

Februari 1975 akaja mgeni mkubwa kuliko wote, Ndugu Silvester, Naibu Meneja wa Mipango kutoka Dar es Salaam, mtu ambaye saini yake ndiyo hutoa daraja au huninyima mimi matairi. Alipitia Iringa, na tawi la Iringa halikutaka kupitwa na Mbeya kwa ukarimu. Likampakilia madumu mawili ya ulanzi wa Kilolo, chini ya uangalizi wa dereva Liberatus, Mhehe safi, aliyekunywa ulanzi kabla ya kuota meno. Liberatus aliziba midomo ya madumu kwa majani, akaendesha hadi Mbeya kama amebeba mayai.

Kesho yake tukateremka wote kuelekea ziwani. Tukuyu tulisimama kunywa chai. Sote tuliingia hotelini isipokuwa Ndugu Anyitike, aliyesema anabaki kupanga mizigo vizuri. Nilimsifu moyoni kwa kujituma. Tukafika Itungi, tukapanda boti, yeye mwenyewe akayabeba madumu na kuyaweka nyuma karibu na injini, mahali ambapo jua la Kyela lilikuwa linapiga sawasawa.

Mbele ya Ikolongo, Ndugu Silvester akiwa na mrija mrefu kuliko mrija wowote uliowahi kukatwa nchini, dumu la kwanza lililipuka. Lilitoboa turubai. Naibu Meneja alitupa mrija na kupiga kelele, "Tumevamiwa!" Akalala kifudifudi juu ya wali. Kabla hajainuka dumu la pili likafuata, ulanzi ukaruka kama bomba limepasuka, ukatulowesha sote na kuingia kwenye injini. Injini ikakohoa mara chache, ikanyamaza. Mimi ni mtu wa ng'ombe wa Usangu, maji yangu ni ya kwenye ndoo. Nilimshika Liberatus shingoni, naye alikuwa anaapa kwa jina la bibi yake kwamba hakufunga vifuniko, kwamba Mhehe hawezi kufanya ujinga wa namna hiyo hata akiwa amelala.

Nahodha Isakwisa aliivuta kamba ya injini mpaka ikakatika. Tukang'oa mbao za viti tukapiga kasia, na Mkombozi wa Mkulima, kwa mara ya kwanza tangu inunuliwe, ikatia nanga kwa mkulima. Sekela alikuwa ufukoni na kina mama wenzake. Alimtazama Naibu Meneja, wali ukiwa umemganda hadi kwenye nyusi, akapiga goti akamsalimu kwa adabu zote. "Karibu, mzee. Chakula chetu mmeshakila majini. Tunayo maji ya kunywa."

Kutoka Ikolongo hakuna njia nyingine ila mto. Ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, na wanawake walikuwa wanavuka na magunia ya kakao, maji yakiwafika kifuani. Naibu Meneja alitazama huku na huku akitafuta ule usafiri mzuri sana uliokuwa kwenye taarifa. Ndugu Anyitike akavua viatu, akachuchumaa, akasema, "Panda mgongoni, mzee."

Ndugu Silvester hakuwa mtu mwembamba. Katikati ya mto, mguu wa Ndugu Anyitike ukateleza, wote wawili wakazama hadi shingoni, wakaibuka. Naibu Meneja, akiwa amemkumbatia kwa mikono na miguu, akauliza kwa sauti nyembamba wagonjwa huwa wanavuka vipi. Ndugu Anyitike akajibu akihema, "Hivi hivi, mzee. Akipatikana wa kuwabeba." Kisha akamwambia habari za mtoto wa dada yake, palepale mtoni, bila kuharakisha hatua. Tulipofika ng'ambo Naibu Meneja alikaa chini, akamwaga maji kutoka kwenye viatu vyake, akatazama nyuma kwa muda mrefu.

Daraja lilifunguliwa mwaka 1977. Taarifa ya Makao Makuu inasema uamuzi ulifikiwa "baada ya utafiti wa kina uliohusisha vipimo vya mto vilivyofanywa na Naibu Meneja mwenyewe". Siku ya ufunguzi Ndugu Silvester alikata utepe, na jina lake limechongwa pale kwenye saruji. Ndugu Anyitike alikuwa nyuma ya kundi, akigawa soda. Kakao ya Ikolongo sasa inatoka kwa lori. Ile boti iko Itungi imepinduliwa, kuku wanatagia ndani, na kusema kweli wanaitumia vizuri kuliko sisi.

Iliundwa tume kuchunguza mlipuko, nami nilikuwa katibu. Tulikaa vikao vingi, tukanywa chai nyingi, na tukalitia hatiani jua la Kyela. Liberatus alinusurika kazini, lakini kwao Kilolo walimcheka hadi vilabuni: Mhehe anayekaza kizibo cha ulanzi! Tangu hapo, kila mavuno, amekuwa akipokea gunia la mchele wa Kyela kutoka kwa Ndugu Anyitike, bila maelezo. Wiki iliyopita aliniambia, "Kashindye, mtu hakupi mchele kila mwaka kwa sababu anapenda sura yako. Mimi nilishaelewa tangu gunia la kwanza. Ila mchele ni mzuri, nikanyamaza." Hapo ndipo nilipokikumbuka kile kiatu cha mwinjilisti, na yule aliyebaki peke yake na mizigo pale Tukuyu. Nimesubiri kuandika haya hadi leo kwa kuwa mstaafu hapewi barua ya onyo.

Kamati ya Sherehe ilipendekeza zawadi ya safari ya boti ya kukodi, yenye chakula na vinywaji vya kienyeji. Ndugu Anyitike aliishukuru Kamati, akaomba jembe. Jumamosi atapanda basi hadi Kyela, kisha atatembea. Atafika mtoni amevaa viatu, na atavuka navyo. Ng'ambo ya pili Sekela atakuwa anamngoja na mbasa ambaye hakumuuzia mkaguzi yeyote, na safari hii samaki wa Ikolongo ataliwa Ikolongo.

Ndugu Anyitike, umetulisha miaka mingi, ukatulowesha mara moja, na ile mara moja ndiyo iliyotusaidia. Ndaga fijo, asante sana. Tunakutakia uzee mtamu na miguu mikavu.