Simu ya Bibi Yagoma

Ndani ya treni, dada aliyeketi mbele yangu alikuwa akijaribu programu aliyomtengenezea bibi yake, ambaye macho yake yamefifia, ili simu imsomee ujumbe kwa sauti. Simu ya bibi ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta yake, na skrini ilijaa maandishi mekundu ya makosa.

"Futa yote uanze upya," akashauri kaka aliyeketi kando yake, naye mtu wa kompyuta.

"Kaka, wewe ukiumwa jino unakata kichwa?"

Programu sizijui, lakini jino nalijua, nikacheka.

Dada akasoma kosa la kwanza. "Kumbe! Mipangilio yangu inadai simu mpya kuliko hii ya bibi." Akabadilisha namba moja kwenye mipangilio, akajaribu tena.

"Shikamoo, bibi," simu ikasema.

"Umebahatisha tu," kaka akanung'unika.

"Nimesoma kosa!"

Treni ikasimama. Wakashuka wakibishana, wote wawili wakitabasamu.