Bi Wahida Alipomtunza Mwimbaji wa Broadway

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tuna mtu wetu wa kumsindikiza kwa maneno mema. Ni Bi Wahida binti Nassor, wa mtaa wa Ghulail, Jeddah, aliyetutoka mwezi uliopita. Mzaliwa wa Zanzibar, mkaazi wa Jeddah. Mke wa Mzee Abdalla, mama yake Amal. Ndiye mwanamke aliyesimama katika ukumbi mkubwa Riyadh, mbele ya kadamnasi, akaenda kumtunza kwa noti mwimbaji kutoka Marekani. Mkisikia kisa chenyewe mtamjua.

Bi Wahida alifika Jeddah mwaka 1964, mtoto wa miaka tisa, kashikwa mkono na mama yake. Ghulail ikamlea. Akaolewa hapo hapo na Abdalla, karani wa bandarini. Na mtaa mzima ulimjua kwa sauti. Harusi ya wanawake bila ya Wahida ilikuwa kama si harusi. Lakini aliimba milango imefungwa na mapazia yameshushwa, wanawake peke yao. Mzee Abdalla anasema, "Miaka thelathini mke wangu anasifiwa kwa kuimba, na mimi sijapata kumsikia ila jikoni, akidhani nimelala."

Kisha nchi ikaanza kubadilika. Sinema zikafunguliwa. Wanawake wakashika usukani. Amal, binti yao wa pekee, akapata mkataba Riyadh, katika kampuni iliyokuwa ikileta michezo ya jukwaani. Ofisi iko mtaa wa Olaya. Kazi yake ni nyuma ya pazia, vidude vya kusikilizia masikioni, akiwaambia watu wa taa na watu wa pazia lini wafanye nini.

Ami yake Amal, ndugu yake Mzee Abdalla, alikasirika. "Mtoto wa kike na mambo ya jukwaani, wapi na wapi?" Bi Wahida ndiye aliyemjibu. Alisema, "Mimi nitakwenda nikaione kazi yake kwa macho yangu. Nikirudi, niulizeni."

Ilikuwa mwaka 2019. Kampuni ilileta mchezo wa zamani kutoka Broadway, kule New York. Mchezo wa kuchekesha, wenye nyimbo na ngoma. Bi Wahida akapanda ndege peke yake. Amal alimpokea Riyadh, na ndani ya gari akaanza kumfunda.

"Mama, humo watu wanakaa kimya. Wimbo ukisha wanapiga makofi, halas, basi."

"Na vigelegele?"

"Mafi, hakuna vigelegele, Mama. Nakuomba. Mkataba wangu bado ni wa majaribio."

"Haya mwanangu, nimesikia."

Wasikilizaji wapendwa, alisema amesikia. Hakusema amekubali.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kuna mpishi wa hoteli, mwanamke mnene mwenye maneno, anayedhaniwa ni tajiri. Mabwana watatu wanamgombea, na huku sufuria zinaungua jikoni. Maneno yalikuwa Kiingereza, na tafsiri ya Kiarabu ikipita ubaoni pembeni. Bi Wahida alisoma mstari mmoja, akaacha. Hakuhitaji. Bwana wa kwanza alipojificha ndani ya pipa la unga, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kushoto kwake kakaa kijana wa Kisaudi na mkewe, nao wanacheka. Wanaume na wanawake, ukumbi mmoja, kicheko kimoja. Hilo hakupata kuliona tangu aingie nchi hii.

Kisha mpishi akabaki peke yake jukwaani. Akaimba. Aliimba kwamba amewapikia watu maisha yake yote, na hakuna aliyemuuliza yeye anapenda kula nini. Bi Wahida, aliyekuwa amerudisha macho kwenye tafsiri, aliganda. Mkono wake ukaingia mkobani, ukatoka na noti. Akasimama.

Alishuka ngazi taratibu, akiyumba kwa mdundo, noti juu, kama anavyokwenda mtu kumtunza mwimbaji wa taarabu kwao.

Huko nyuma, Amal alisikia sauti ya bosi wake, Ziyad, masikioni. "Kuna mama anashuka kuelekea jukwaani. Ni nani? Kuna anayemjua?"

Wafanyakazi wote walikuwa wanasikia. Amal anasimulia, "Niliona mkataba unakwenda. Nikamtazama Mama kwenye kioo cha kamera, kanyoosha shingo kama bibi harusi. Nikasema, naam, ni mama yangu. Anakwenda kumtunza mwimbaji. Kwetu ndiyo heshima yenyewe."

Halafu Ziyad akasema, "Yalla. Josphat, usimzuie. Mpe mkono, ngazi zina giza."

Josphat alikuwa mlinzi, Mkenya, kijana wa Machakos. Akamshika kiwiko. "Shikilia hapa, mama. Pole pole."

Mwimbaji alimwona. Hakujua ni nini, lakini alijua ni jambo zuri. Wapiga muziki wakarudia kibwagizo. Yeye akapiga magoti ukingoni mwa jukwaa, akainama, na Bi Wahida akamtia noti mkononi, akaufumba mkono ule kwa viganja vyake viwili. Mwanamke mmoja juu kabisa akapiga kigelegele. Akajibiwa na wa pili. Muda si muda ukumbi wote ulikuwa unarindima.

Pazia liliposhuka, mwimbaji alimtafuta. Amal akafasiri. Bi Wahida alisema neno moja tu: "Mwambie na mimi ni mwimbaji. Mwambie leo kaniimbia mimi."

Amal hakufukuzwa. Mkataba ukathibitishwa.

Bi Wahida akarudi Ghulail. Ami mtu akaja kuuliza, kama alivyoahidiwa. Akajibiwa, "Nimeona wanaume wazima, Waarabu na Wazungu, hawathubutu kufungua pazia mpaka mwanangu aseme. Ndiyo kazi yake hiyo. Kunywa kahawa yako."

Mchezo ulipokuja Jeddah, Mzee Abdalla alivaa kanzu mpya akaenda. Majirani wa viti wanakumbuka kwamba hakuutazama sana. Alikuwa akiwainamia mmoja mmoja: "Anayeongoza pazia lile ni binti yangu."

Miaka ikapita, maradhi yakamfika Bi Wahida. Muuguzi wake, Mueni, anatuambia hivi: "Alikuwa anatuigizia ule mchezo akiwa kitandani. Mabwana wote watatu, kila mmoja na sauti yake. Wagonjwa wa chumba cha pili walikuwa wanatuomba tuache mlango wazi." Na wimbo wa mpishi akiuimba kwa Kiswahili, maneno yake mwenyewe, mlango wazi, wanaume wanasikia, mumewe kakaa pembeni anasikiliza.

Amefariki akiwa na miaka sabini, mkono wake mikononi mwa Amal.

Kwako Mzee Abdalla, kwako Amal, na kwenu nyote wa Ghulail, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu, awape subira.

Na wewe unayetusikiliza, kama mzazi wako yu hai, mpeleke akaione kazi yako. Hata kama hajui taratibu za mahali. Hata kama atasimama wenzake wamekaa. Na watu wakiuliza yule ni nani, jibu upesi.